"It is a must": Kasoro ya kufunza Kiingereza kana kwamba Kiswahili hakipo

Yapo makosa ya Kiingereza ambayo Wakenya tunayafanya kwa utaratibu mkubwa hata hayafai kuitwa makosa ya uzembe. Mwanafunzi ataandika "He is big than me". Karani ataandika kwenye notisi ya ofisi "It is a must to sign the book". Mtu mzima mwenye shahada mbili atakwambia kwa simu, tena kwa ukarimu, "It is not a must you come". Mwalimu wa Kiingereza huyapigia mstari mwekundu, akaandika jibu sahihi pembeni, akasonga mbele. Mwaka unaofuata yanarudi yaleyale kwa mwandiko wa mtoto mwingine.

Nimefundisha isimu kwa zaidi ya miaka 30, na katika muda huo nimevipitia vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza vinavyotumika katika shule zetu. Vingi vimeandikwa vizuri, na sina ugomvi na kanuni zilizomo. Ugomvi wangu ni kwamba vinamfunza mtoto ulinganishi, ulazima na ruhusa kana kwamba ameingia darasani bila lugha yoyote kichwani. Ilhali anayo. Ana Kiswahili, na aghalabu ana lugha nyingine ya nyumbani, na zote zina namna zake kamili za kusema nani amemzidi nani, nani analazimika na nani ameruhusiwa. Kwa kuwa hakuna anayemwonyesha namna hizo, huzitumia gizani. Hapo ndipo "big than" inapozaliwa.

Hebu tuanze na hiyo. Lichukue neno "kuliko" ulipasue. Ndani yake mna ku- ya mahali, kitenzi -li cha kuwapo, na -ko ya urejeshi wa mahali. Kwa hiyo "Juma ni mrefu kuliko Ali" kwa asili ni kusema Juma ni mrefu ukimweka pale alipo Ali. Kivumishi "mrefu" hakikuguswa. Kingebaki vivyo hivyo hata Ali asingetajwa. Kazi yote ya kulinganisha imebebwa na "kuliko". Kiingereza nacho hutia alama mara mbili: mkia wa -er kwenye kivumishi, kisha "than". Kwa mtoto anayefikiri kwa Kiswahili, ule mkia ni mzigo usio na kazi, kwa sababu "than" tayari imeshasema kila kitu. Basi anauacha. Huo si ujinga, ni hesabu. Na yule anayeandika "more taller" amefanya hesabu nyingine: ameambiwa "more" ni "zaidi", naye kwao husema "mrefu zaidi", kwa hiyo amelipachika "zaidi" lake mbele ya neno ambalo tayari lina mkia.

Mwalimu akitumia dakika kumi tu kuyaeleza haya ubaoni, kwa Kiswahili, mtoto ataona mahali hasa pa kuongeza kitu na sababu ya kukiongeza. Lakini katika shule nyingi kusema Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza bado ni kosa lenye adhabu.

Nataka niseme neno hapa kuhusu "kushinda", kwa sababu linawakera wenzangu wengi. Nairobi, kijana hasemi "hii ni nzuri kuliko ile". Anasema "hii ni poa kushinda ile". Wasanifu wa lugha hulia kwamba Kiswahili kinaharibiwa. Mimi silii. Kusema kwamba kitu kimoja kinakipita au kinakishinda kingine ndiyo njia ya kulinganisha iliyoenea katika lugha nyingi za Afrika. Mgĩkũyũ ana "gũkĩra", yaani kuzidi. Mjaluo ana "moloyo", na ndani yake mna "loyo", kushinda. Kiswahili sanifu chenyewe hakina haya kusema "anampita kwa urefu" au "hana anayemshinda kwa mbio". Kijana wa Nairobi ametumia mali ya ukoo. Sitaki aiandike katika insha ya mtihani, maana mtihani una sheria zake, lakini sitaki pia aambiwe kwamba ni takataka.

Tena wanaocheka "more better" wajichunge. "Afadhali" imetoka katika neno la Kiarabu ambalo tayari lina maana ya "bora zaidi", kama vile "akali" ilivyobeba maana ya "chache zaidi" na "aghalabu" maana ya "nyingi zaidi". Mara ngapi nimewasikia hao hao wakisema "afadhali zaidi"? Sisemi ni kosa, kwa kuwa neno likishahamia lugha nyingine huacha sehemu ya mizigo yake mpakani. Nasema tu kwamba kicheko kipunguzwe.

Mahali ambapo sipunguzi lawama ni katika vipimo. Magazeti yetu, na hili unalolisoma halimo nje, huandika kwamba "watu wa zaidi ya miaka 18 wanaruhusiwa kupiga kura". Kwa maana yake kamili, sentensi hiyo inamfungia nje kijana aliyetimiza miaka 18 leo. Kiswahili kina njia safi za kusema jambo hilo: "aliyetimiza miaka 18", "umri usiopungua miaka 18", "miaka 18 na zaidi". Vitenzi "kuzidi" na "kupungua", vikiwekwa katika ukanushi, hufanya kazi ileile ya "not more than" na "not less than", nazo zote huruhusu usawa. Isizidi kumi: kumi yenyewe imo. Chini ya kumi: kumi haimo. Mtoto anayelijua hili kwa Kiswahili hatatatizika na "at least" na "at most" katika hesabu za Kiingereza. Tatizo ni kwamba hata kwa Kiswahili hatumfunzi. Nalitaja sasa kwa sababu tutakutana na "isizidi" mbele, mahali ambapo uzito wake ni mkubwa kuliko alama za mtihani.

Sasa tuingie kwenye ulazima na ruhusa, ambako ndiko kwenye moto.

Vitabu hupenda jedwali. Upande mmoja "must", upande wa pili "lazima". "Should" ni "yafaa". "May" ni "huenda" au "kuruhusiwa". "Can" ni "kuweza". Mwanafunzi anakariri, anafaulu zoezi la kujaza mapengo, kisha anatoka darasani akiwa na bidhaa bandia. Kwanza, jedwali linamfanya aamini kwamba "lazima" ni neno la aina ya "must". Sivyo. "Must" ni kitenzi kisaidizi. "Lazima" ni nomino, na ndiyo sababu tunasema "ni lazima" na "si lazima". Mkenya anapotamka "It is a must" amefasiri "ni lazima" kwa uaminifu usio na dosari: nomino kwa nomino. Waingereza wenyewe wana "a must" kama nomino, lakini wao huitumia kwa kitu kisichofaa kukosa, kama filamu au mkahawa. Hawaiandiki kwenye notisi ya kumwamuru mtu atie sahihi.

Pili, na hapa ndipo nilipo na manung'uniko makubwa, jedwali halina nafasi ya chombo ambacho Kiswahili hukitumia kuliko vyote katika uwanja huu. Si neno, ni kiishio: ile -e mwishoni mwa kitenzi. Mtu akisimama mlangoni akauliza "Niingie?", ametumia neno moja. Lifasiri kwa Kiingereza uone linavyojigawa: "May I come in?", "Should I come in?", "Shall I come in?" Kwa Kiswahili, ruhusa, ushauri na kujitolea vimekaa katika umbo moja, na muktadha ndio unaotenganisha. "Aje kesho" yaweza kuwa amri, ruhusa au pendekezo. Mwanafunzi aliyezoea -e hulazimika, akiingia Kiingereza, kuchagua kati ya maneno matatu mahali ambapo kwao hapakuwa na uchaguzi. Hakuna kitabu nilichokipitia kinachomwambia kwamba huo ndio ugumu wake. Wanampa orodha, wanamwachia kisu bila kumwonyesha nyama.

Kuna upande ambapo mambo hugeuka, Kiswahili kikawa ndicho chenye ukali zaidi wa kutenganisha. "He must be in the office." Sentensi hii ina maana mbili: anatakiwa kuwa ofisini, au mimi nakisia kwamba yumo. Kiingereza hukuachia ubahatishe. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Wajibu ni "lazima awe ofisini". Ukisio ni "lazima yumo ofisini". Kiishio -e kimeonekana katika ya kwanza na hakikuonekana katika ya pili, na mtoto wa darasa la nne hawezi kuzichanganya. Kumbe basi ana kipimo mkononi cha kuipimia "must" ya Waingereza. Amwambie mwalimu: jaribu -e, ikikubali ni wajibu, ikikataa ni ukisio. Huo ni ufunguo wa bure.

Ufunguo huohuo hufungua mlango wa ukanushi, ambao una madhara halisi. Kiingereza kina "You must not" na "You need not". Kwa sura zinafanana, kwa maana ni mbali kama Lamu na Lodwar. Ya kwanza inakataza. Ya pili inakuondolea mzigo tu, na ukitaka kuubeba ubebe. Kiswahili huonyesha tofauti hiyo kwa mahali unapokaa ukanushi. "Si lazima unywe" umekanusha ulazima. "Lazima usinywe", au kwa ufupi "usinywe", umekanusha kitendo. Mtu anaweza kuiona kwa macho: alama ya kukanusha iko kushoto au iko kulia. Fikiria mgonjwa anayesomewa maelezo ya dawa kwa Kiingereza na jamaa yake aliyeishia darasa la nane, maelezo yakiwa yamesema "need not be taken with food", na jamaa akaelewa "isinywewe pamoja na chakula". Mgonjwa atakaa na njaa bila sababu. Geuza sasa, iwe "must not" imeeleweka kama "si lazima". Hapo hatuzungumzi tena juu ya njaa.

Na "may not"? Hiyo nayo ina vichwa viwili: "huruhusiwi" na "huenda usi-". "Members may not vote" yaweza kuwa katazo, yaweza kuwa utabiri. Ukiiona katika mkataba wa mkopo, usimwonee haya mwenye ofisi. Muulize.

Nimeshawahi kuulizwa kama Kiswahili kina viwango vya ulazima vya kutosha kulinganishwa na msururu wa Kiingereza wa "must", "should", "may" na wenzao. Swali hilo hunishangaza kila mara, maana Pwani yetu imeishi kwa karne nyingi na ngazi ya wazi kuliko hiyo. Wasomi wa dini ya Kiislamu walileta istilahi tano, na lugha ikazichukua zikawa za watu wote: kuna faradhi au wajibu, jambo usiloweza kuliacha bila kosa, kuna suna, ambalo ni vyema kulifanya ila hulaumiwi ukiliacha, kuna halali au mubaha, ambalo umeachiwa, kuna makuruhu, ambalo afadhali uliepuke, na kuna haramu. Mama wa Mombasa anayesema "hiyo si faradhi, ni suna tu" kuhusu kuhudhuria arusi ya jirani hafundishi fikihi. Anatofautisha "must" na "should" kwa usahihi ambao wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, waliotahiniwa Kiingereza tangu utotoni, huwa hawanao. Sidai mwalimu wa Kakamega aanze kipindi kwa istilahi za dini. Nadai ajue kwamba ngazi ipo katika lugha, na watoto wengi wameshaipanda.

Nacho Kiingereza, kikichunguzwa, hakina utakatifu tunaokivisha. "Must" imetokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale kilichohusu kuruhusiwa. Lile tunalolidhania kuwa neno la amri lilianza maisha likiwa neno la ruhusa. "Can" ilihusu kujua. Kwa hiyo sisi tunaosema "anajua kuogelea" tumesimama palepale mababu wa Waingereza waliposimama. "Shall" ndiyo inayonifurahisha zaidi: asili yake ni kudaiwa, kuwa na deni. Kiswahili kina "kuwiwa", ambayo ni kudaiwa fedha, na ambayo pia hutumika kwa wajibu wa moyoni, kama mtu anaposema anawiwa kumshukuru mwenzake. Lugha mbili zisizo na undugu zimepita njia moja kutoka kwenye deni hadi kwenye wajibu. Mwanafunzi akielezwa hivyo, "shall" haitamtisha.

Ila "shall" inapaswa kututisha sisi watu wazima kidogo, na sababu imo katika Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Afrika Kusini, walipoandika Katiba yao ya 1996, waliiacha "shall" na kutumia "must". Marekani walipoziandika upya kanuni za mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho, zikaanza kutumika mwishoni mwa 2007, waliiondoa "shall" pia. Sababu yao ilikuwa moja: neno lina maana nyingi mno, mara amri, mara wakati ujao, mara ahadi. Sisi tuliibakiza, tena kwa wingi.

Tazama Kifungu cha 27(8) na cha 81(b), vinavyosema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Hapo pana ulinganishi na ulazima katika pumzi moja. Ulinganishi hauna utata. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika. Theluthi mbili haifiki 233, kwa hiyo jinsia moja isipite 232, na nyingine isipungue 117. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuikokotoa. Ulazima ndio uliokwama. Desemba 2012 Mahakama ya Juu iliombwa ushauri: je, hiyo "shall" inadai utekelezaji katika uchaguzi wa 2013, au inaelekeza safari ya hatua kwa hatua? Majaji walio wengi walisema ni hatua kwa hatua, na sheria ya kutimiza jambo hilo iwe imepitishwa kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu wa wakati huo, Dkt Willy Mutunga, alitofautiana na wenzake. Kwake utekelezaji ulikuwa wa mara moja. Majaji wasomi, sentensi moja, "shall" ileile, hitimisho mbili. Sisemi mvutano ule ulikuwa wa sarufi peke yake, kwa kuwa kulikuwa na historia na siasa ndani yake. Nasema sarufi iliacha mlango wazi, na kila mmoja akaingia kwa upande wake.

Wafasiri wengi wa sheria hukimbilia -ta- wakikutana na "shall". Wakiambiwa mtu "shall pay", huandika "atalipa". Mimi huwashauri wanafunzi wangu waogope -ta- hiyo. "Atalipa" yaweza kusomwa kama bishara, au matumaini, au maneno ya mdhamini wa rafiki yake. "Sharti alipe" haina mahali pa kujificha. "Hana budi kulipa" nayo vilevile, maana "budi" ni njia ya kuepa, na ukishamwambia mtu hana budi umemfungia njia. Lugha iliyo na "sharti", "hana budi", "imempasa" na kiishio -e haina sababu ya kuomba hifadhi katika wakati ujao.

Zoezi ninalolitumia kwa hili ni Kifungu cha 261(7), kwa sababu kina "shall" mbili zilizofuatana katika sentensi moja. Bunge likikaidi amri ya mahakama ya kupitisha sheria inayotakiwa, Jaji Mkuu anatakiwa amshauri Rais alivunje Bunge, na Rais anatakiwa alivunje. Wanafunzi huifasiri kwanza kwa -ta-, kisha kwa "sharti" na -e, halafu tunazisoma zote mbili kwa sauti. Baada ya hapo ndipo huwasimulia yaliyotokea. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga aliitekeleza "shall" ya kwanza: akamwandikia Rais. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji wa ushauri huo. Bunge lile lilikaa hadi uchaguzi wa Agosti 2022, na "shall" ya pili ingali kwenye karatasi.